Radi kwa Saa za Tanzania

Sehemu ya Nne

Kama leo ndiyo mara yako ya kwanza kununua gazeti hili kwa ajili yangu, pole. Umefika siku mbaya.

Mimi ni Calvin, fundi simu, Majengo, Sumbawanga mjini. Mzee Shija, mfugaji wa kule Mtowisa, aliniletea simu yake nibadilishe kioo. Akatoa laini, akaifunga kwenye leso, akaniachia simu tupu.

"Kioo kikikushinda, acha," akasema. "Ila huyo mama humo ndani usimguse."

Mama mwenyewe ni marehemu mke wake, Kashinje. Siku moja mzee alimrekodi akiita ng'ombe warudi zizini, na mwaka huohuo mama akafariki. Picha yake hana hata moja. Ana sauti hiyo tu, na ameiweka iwe kengele. Kila siku saa kumi na moja jioni, simu inaita ng'ombe. Wiki nzima pale Majengo, muda huo ukifika, wapita njia walikuwa wakigeuka kutafuta zizi ndani ya kibanda changu.

Kioo nilibadilisha Ijumaa. Mzee alisema anakuja kuichukua Jumatatu.

Hapo katikati ndipo penye dhambi yangu. Jumamosi kwaya yetu ilialikwa Mbala, Zambia. Simu yangu mimi kamera ilishakufa siku nyingi (ndiyo, fundi simu, na kinyozi wa mtaani kwetu ana nywele kama kichaka). Nikabeba ya Mzee Shija. Nikajiambia ni picha mbili tatu tu za nje ya nchi. Wenzangu wakisema nje ya nchi wanamaanisha Dubai. Mimi nilimaanisha Mbala, na bado nilitaka ushahidi.

Jumapili kwenye misa, wakati wa kupeleka vipaji, niliiweka kwenye benchi ili nipige makofi. Makofi yalipoisha, simu haipo.

Wiki iliyopita mliniacha hapo, nimepiga magoti nachungulia chini ya benchi, watu wakidhani nasali.

Sasa sikilizeni.

* * *

Wa kwanza kugundua kwamba sisali alikuwa Herieth. Anaimba sauti ya pili, tumesoma wote sekondari, na tangu kidato cha kwanza hajawahi kunionea huruma.

"Umepoteza nini?"

"Simu."

"Si tuipigie?"

"Haina laini."

"Haina laini? Sasa ulikuja nayo ya nini?"

"Picha."

Akaniangalia kuanzia viatu kupanda juu. "Calvin. Simu ya nani?"

Nikamwambia. Nilitegemea acheke. Hakucheka.

"Mwenyewe anajua unayo huku?"

"Nimeazima."

"Nimekuuliza mwenyewe anajua?"

Nikainama tena kuchungulia chini ya benchi.

"Basi hujaazima, kaka. Umesafirisha."

Tukaenda kwa Mzee Polikarp, mwenyekiti wetu wa kwaya. Huyu mzee hati zetu zote za kusafiria anazo yeye, kwenye bahasha ya kaki, na tangu tuvuke mpaka alikuwa ameikumbatia kama kichanga.

"Shikamoo mwenyekiti."

"Marahaba. Umefanya nini?"

Yaani hata kabla sijasema. Nikamweleza kwamba simu imepotea. Habari za Mzee Shija nikazimeza kwanza.

"Sikiliza," akasema taratibu. "Hapa ni ugenini. Usithubutu kutamka kwamba umeibiwa. Ukisema umeibiwa, umewaambia wenyeji wako ni wezi, na bado wali wao wa jana uko tumboni mwako. Omba kistaarabu. Sema, aliyeiokota, asante, iletwe. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, mzee."

Nilimwelewa kabisa. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo. Nilielewa.

* * *

Chakula cha mchana kilikuwa ukumbini, wenyeji na wageni pamoja, watu kama mia na ishirini. Katekista wa pale anaitwa Kasmir, mrefu, mpole, na Kiswahili chake ni cha mpakani, kimenyooka. Akanipa maiki.

"Tangaza mwenyewe," akasema. "Watakuelewa. Kimambwe na Kifipa ni majirani, na Kiswahili hapa wengi wanasikia."

Nikashika maiki. Jamani, mimi na maiki.

"Mwapoleni!"

Ukumbi ukaitikia kwa furaha. Wakapiga makofi kwa sababu mgeni kasalimia kwa lugha ya kwao. Ningeishia hapo, sasa hivi ningekuwa nawasimulia habari nyingine, labda ya mapenzi.

"Mimi naitwa Calvin, natokea Sumbawanga."

Msomaji wa mbali, nikueleze kidogo. Sisi watu wa Sumbawanga tukifika Mbeya au Dar na kutaja kwetu, mtu anakurudishia chenji yako haraka na anakuombea safari njema. Eti kwetu ndiko uchawi ulikozaliwa. Eti sisi tukikasirika tunatuma radi. Tumeambiwa mpaka tumechoka, na sisi vijana tumeamua kulifanya utani. Mwalimu akikuchapa unamwambia, mwalimu, angalia mawingu. Mshikaji akikunyang'anya karanga unamwambia, leo utalala chini ya kitanda. Tunacheka, maisha yanaendelea.

Kwa hiyo nikasema. Kwenye maiki. Nje ya nchi.

"Simu yangu nyeusi imetembea yenyewe kutoka kwenye benchi. Sina ugomvi na mtu. Ila mjue ninakotoka. Mpaka saa kumi iwe imerudi mezani. Baada ya saa kumi, msinilaumu mimi. Mawingu ya kwetu hayana adabu."

Kwaya yetu ikaangua kicheko. Luciana wa sauti ya kwanza, ambaye Mungu alimpa koo akasahau kumwekea breki, alicheka mpaka akapaliwa.

Wenyeji hawakucheka.

Matonge yalibaki hewani. Mama mmoja akamfunika mtoto wake kichwa kwa kitenge, ndani ya ukumbi, na jua halikuwapo.

Mlangoni alikuwa anaingia Mama Fransiska. Huyu ndiye aliyenipokea nyumbani kwake. Nililala kwenye kochi lake, asubuhi akanipa uji wa ulezi, na mwanawe Zenon aliponiona natetemeka kwa baridi akanivisha koti lake. Alikuwa anaingia haraka, mkono mmoja kiunoni, na uso wa mtu mwenye habari nzuri. Aliponisikia akasimama. Akageuka, akarudi jikoni.

Nikadhani amesahau chumvi.

Mzee Polikarp alininyang'anya maiki, akaizima.

* * *

Katekista alijitahidi kuiokoa hali. Akatandika kitenge kwenye meza ya karibu na mlango, akasema aliyeokota kitu chochote akiweke chini ya kile kitenge wakati anapita kunawa, hakuna atakayeulizwa.

Watu wakala kimya. Watu wakanawa. Mawingu nayo, kana kwamba yamepewa taarifa, yakaanza kujikusanya upande wa Tanzania.

"Calvin," Herieth akaniita kwa sauti ya chini. "Njoo uone."

Akafunua kitenge.

Simu saba.

Nikazipekua kwa mikono ya fundi, moja moja. Ndogo za kubonyeza tatu, kubwa nne. Ya Mzee Shija haimo. Na mtu mwingine, sijui dhamiri ilimsuta kwa lipi, alikuwa ameweka miwani.

Katekista Kasmir akanyanyua moja, akaigeuza nyuma, akaiwasha. Kwenye kioo ikatokea picha ya harusi. Bwana harusi mrefu, mpole.

"Hii ni yangu," akasema. "Iliibwa tangu Krismasi."

Nilitegemea anishukuru. Badala yake alirudi nyuma hatua mbili.

"Kaka," Herieth akaninong'oneza, "acha ufundi. Umeshapata kazi nyingine."

Nikacheka. Siku ile sikucheka tena.

Mvua ilishuka kama imemwagwa na ndoo. Niliangalia saa yangu ya mkononi ili nijue tumebakiza muda gani kabla mpaka haujafungwa. Ilikuwa saa kumi. Sizungumzii saa kumi kasoro. Mshale mrefu ulikuwa umesimama wima.

Mwanga ukaingia kupitia madirisha yote kwa pamoja.

Sauti yake siwezi kuiandika. Nakumbuka tu kwamba masikio yalijaa, na kwamba nilikuwa nimekaa sakafuni na sijui nilikaaje. Nje, mkaratusi uliokuwa pembeni ya jiko ulikuwa umepasuliwa kuanzia juu mpaka chini, unafuka moshi ndani ya mvua.

Kisha tukasikia wanawake wa jikoni.

Walimleta wanne wamembeba. Alikuwa ameenda kuchukua kuni chini ya ule mti. Shati lilikuwa limechanika upande mmoja, kiatu kimoja hakipo, macho yako wazi na hayaangalii mtu. Alikuwa anapumua. Walimwita jina, hakusikia.

Zenon.

Na mimi nimesimama pale, nimevaa koti lake.

"Mama yangu!" Luciana akapiga kelele, sauti ya kwanza kabisa. "Saa kumi kamili! Calvin alisema saa kumi!"

Mtu wetu huyo. Siyo mwenyeji. Wetu.

* * *

Watu wote wakageukia saa ya ukutani.

Saa ya ukutani ilisema saa tisa.

"Hapa ni saa tisa," katekista akasema polepole.

Mzee Polikarp akafumba macho. "Zambia wako nyuma yetu saa moja. Tulipovuka mpaka niliwaambia mrudishe saa zenu."

Hakuna aliyekuwa amerudisha. Kwaya nzima ilikuwa bado inaishi Majengo.

Kijana mmoja wa pale, mpiga ngoma mwenzake Zenon, akasema, "Kwa hiyo radi imekuja kwa saa za Tanzania."

Siku nyingine maneno hayo ningeyachapisha kwenye fulana nikauza. Siku ile yaliniingia kama maji ya baridi mgongoni, kwa sababu niliona vichwa vikitikisika. Kwao lilikuwa jambo la wazi. Radi yangu, saa yangu.

"Basi, radi ya saa yetu bado," akasema bibi mmoja kwenye kona.

Hapo watu ndipo walipoogopa kweli. Maana kama bado, imebaki saa moja. Na kama imebaki saa moja, inayofuata ni ya nani?

Nikasema, "Mpakieni Zenon kwenye Kosta yetu! Hospitali, haraka!"

Wajomba zake wakampakia. Mmoja aliponikaribia kuchukua blanketi, alizunguka meza nzima ili asinipite karibu. Kosta ikaondoka na mvua. Ilipotoweka ndipo nilipokumbuka kwamba ile ndiyo iliyokuwa inirudishe nyumbani.

Vijana wawili wakafunga mlango. Wakabaki wamesimama hapo, migongo mlangoni. Halafu mmoja akasema neno. Alilisema bila kelele, akiniangalia koti.

"Mlozi."

Nimewaambia Kimambwe na Kifipa ni majirani. Neno lile sikuhitaji mkalimani.

* * *

Katekista Kasmir alinivuta pembeni, na Mzee Polikarp akatufuata.

"Kijana, nikuulize kama baba. Unaweza?"

"Naweza nini?"

"Ulichosema."

"Katekista, mimi nabadilisha vioo vya simu! Nikishika betri vibaya inanipiga shoti mimi mwenyewe! Ulikuwa utani!"

"Nakuamini," akasema, na nikaona kwamba haamini hata robo. "Lakini jua jambo moja. Nchi hii mtu kujitangaza hadharani kwamba ana nguvu za uchawi ni kosa kisheria. Polisi hawatakuuliza kama umeroga. Watakuuliza kama umesema."

"Na umesema kwenye maiki," Mzee Polikarp akamalizia.

"Na kuna watu walikuwa wanarekodi," akasema katekista.

Nikamgeukia mwenyekiti wangu. "Mzee, nipe hati yangu. Nitatokea dirishani, nitatembea mpaka mpakani kwa miguu."

"Ukitoka wewe, tutabaki nani? Sisi ishirini na wanne tutabaki tunaelezea?" Alikuwa haongei kwa hasira. Ningependa angekuwa na hasira. "Calvin, marehemu mjomba wangu alichomewa nyumba kwa neno hilo. Jirani alipigwa na radi, wakasema ni yeye. Alikuwa mzee anayefuga njiwa. Mimi nilikuwa darasa la tano, nilisaidia kuokota mabati. Miaka yote nimekwenda nikiwaambia watu sisi siyo hivyo. Wewe umelichukua hilo neno ukalifanya kachumbari ya chakula cha mchana."

Sikuomba tena hati.

Herieth alikuja akasimama karibu yangu. Alikuwa mtu pekee ukumbini aliyesimama karibu yangu.

"Waambie ukweli," akasema. "Wote. Kuanzia simu siyo yako."

"Nitaaibika."

"Kaka, ikiishia kwenye aibu tu, utakuwa umebahatika."

* * *

Saa ya ukutani ilikuwa inakaribia saa kumi kasoro robo, mlango ulipogongwa. Walinzi wakachungulia, wakafungua upesi, wakainamisha vichwa.

Mama Fransiska.

Alikuwa ameloa mpaka vitenge vimemgandia. Mvua ilikuwa imepungua, lakini yeye alionekana kana kwamba bado inamnyeshea.

"Mama, si umeenda na Zenon hospitali?" katekista akamuuliza.

"Wameenda wajomba zake." Hakumwangalia. Alikuwa ananiangalia mimi. "Hospitali si pangu. Dawa ya mwanangu iko humu."

Akatembea katikati ya watu. Akapiga magoti mbele yangu, kwenye sementi.

Mama yule. Asubuhi alinipa uji. Aliniongezea sukari bila kumwomba.

"Mama, inuka, tafadhali. Mama, shikamoo, inuka."

"Saa yetu bado haijafika," akasema. "Nyingine isije. Nakuomba, mwanangu. Nina huyo mmoja."

"Mama, siwezi kuzuia. Siwezi kuleta. Siwezi chochote!"

"Mwite aliyekufundisha. Mwambie basi, inatosha."

Nikaona hakuna njia nyingine. Nikasimama juu ya benchi, kwa sababu magoti yalikuwa yanagongana na nilitaka watu wadhani ni benchi linalotikisika.

"Naombeni mnisikilize. Mimi ni mwongo!"

Vichwa vyote vikanigeukia.

"Sina uchawi. Baba yangu hana, bibi yangu hana, ana rozari tatu na kikohozi. Nilisema vile kwa sababu napenda watu wacheke. Na hiyo simu yenyewe siyo yangu. Ni ya mzee mmoja mfugaji, aliniachia niitengeneze, nikasafiri nayo bila ruhusa. Kesho anakuja kuichukua. Mimi ndiye niliyekosa. Ndiyo maana nilichanganyikiwa."

Nikaona nyuso zinalegea kidogo. Bibi wa kwenye kona akaguna, lile guno la mtu anayemfahamu mwizi wa kawaida na hana shida naye sana. Herieth akanitikisia kichwa: endelea.

Kwa nini sikukomea pale, sijui. Mimi nikishaanza kusema kweli siwezi kuiacha nusu, kama nilivyo kwenye uongo.

"Ile simu siyo ya kununua nyingine," nikasema. "Ndani yake kuna sauti ya mke wa yule mzee. Mama huyo ameshafariki. Lakini kila siku jioni anaita."

Zile nyuso zikakaza tena.

"Nani anaita?" katekista akauliza.

"Marehemu."

Nikasikia benchi likiburutwa. Waliokuwa karibu yangu walikuwa wanasogea.

"Anaita watu?"

"Hapana! Anaita ng'ombe! Ni kurekodiwa tu! Ni kengele!"

"Shuka," Herieth akaniambia kwa meno yaliyofungwa. "Calvin, shuka sasa hivi."

Nilishuka. Nilidhani najisafisha, kumbe nilikuwa nachota matope kwa mikono miwili.

Mama Fransiska alikuwa bado yuko kwenye magoti. Nilipotaja marehemu, alishika kiuno chake kwa nguvu kama mtu aliyebanwa na tumbo.

"Inakaribia," akasema mtu.

Watu mia moja wakaangalia ukutani. Mshale mrefu ulikuwa umebakiza mistari miwili. Kuna aliyeanza Salamu Maria, wengine wakaichukua kwa sauti za chini. Mzee Polikarp aliitikia akiwa amefumba macho, bahasha kifuani. Luciana alikuwa amejifunika kanga kichwani kote, na kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu alikuwa kimya.

Mstari mmoja.

Niliangalia dirishani. Mawingu yalikuwa yamepasuka. Kulikuwa na kipande cha buluu kama leso.

Saa kumi.

Hakuna kitu.

Hakuna kitu! Nikahema. Nikasikia ukumbi mzima unahema. Mlinzi mmoja wa mlangoni akajipangusa jasho, akaniangalia kwa aibu kidogo, na mimi nikaanza kutabasamu, lile tabasamu langu la kijinga, nikafungua mdomo niseme jambo.

"Hooo-iii!"

Sauti ya mwanamke. Ndefu, nyembamba, inapanda.

"Hooo-iii! Hooo-iii!"

Watu walipiga mayowe. Mabenchi yakaanguka. Wengine walikwenda ukutani, wengine chini ya meza, simu saba zikamwagika sakafuni. Mlinzi alikuwa anahangaika na komeo la mlango na mikono yake haimtii.

Mimi peke yangu nilikuwa nimesimama. Nilikuwa naijua sauti ile. Wiki nzima nilikuwa nakula nayo mihogo pale kibandani.

Saa kumi ya Zambia ni saa kumi na moja ya Majengo. Simu haina laini, hakuna wa kuirekebisha saa. Ng'ombe walikuwa wanarudi zizini.

Kashinje aliendelea kuwaita, mmoja baada ya mwingine, kwa majina yao ya Kisukuma, bila haraka. Na sauti ilikuwa inatokea kiunoni kwa Mama Fransiska.

Hakusogea. Machozi yalikuwa yanamtoka bila uso kubadilika. Taratibu akafungua fundo la kitenge, na ikatoka simu nyeusi, imefungwa kwenye mfuko wa nailoni isilowe.

"Niliiokota chini ya benchi," akasema. Hakuwa anawaambia wengine. "Nilikuja kukupa. Nilikuwa mlangoni nayo, nimeishika hapa kiunoni. Ukaanza kusema radi."

Nikakumbuka uso wake wa habari nzuri.

"Nikaogopa ukijua ni mimi. Nikasema nitaiweka chini ya kitenge. Nimepita pale mara tatu na sufuria. Mkono ukakataa." Akaishika kwa mikono miwili. "Na radi ikamjua mwanangu."

Niliwasikia nyuma yangu. Hawakuwa wanapiga kelele tena. Walikuwa wanaelezana, mmoja kwa mwingine, kwa sauti ya watu ambao sasa wameelewa kila kitu. Simu ilikuwa kwake. Radi ilienda kwa mwanawe. Saa yao ilipofika, marehemu akaita kuonyesha iliko.

Nilikuja kuitafuta simu ili nionekane sina hatia. Nimeipata, na hakuna mtu ukumbini anayeniona sina hatia.

Nikamtafuta Herieth. Alikuwa bado karibu yangu, lakini siyo karibu kama mwanzo. Kulikuwa na hatua moja ambayo haikuwapo.

"Calvin," akasema. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Ulijuaje?"

"Herieth! Hata wewe?"

Hatua zikawa mbili.

Mama Fransiska alinyoosha mikono miwili, simu iko juu ya viganja, kama mtu anayepeleka vipaji altareni.

"Chukua chako," akasema. "Unirudishie changu."

Jumatatu Mzee Shija anapanda ule mlima wa Lyamba kutoka Mtowisa kuja kumchukua mkewe. Mke mwenyewe yuko hapo, hatua moja mbele yangu, bado anaita ng'ombe. Nikimpokea, nimekubali mbele ya watu mia moja kwamba nina kitu cha kumrudishia huyu mama. Nisipompokea, Kashinje anazikwa mara ya pili, nje ya nchi.

Mzee Polikarp akasema, "Usiguse."

Lakini mkono wangu, wasomaji wangu, ulikuwa umeshatoka kwenye mfuko wa koti la Zenon.